Maswali ya Afya: Kilo Zimezidi, au Hesabu Ndiyo Inayodanganya?

Shikamoo daktari. Mimi ni mbeba mizigo soko la Majengo, nina miaka 31, kilo 82 na urefu wa sentimita 170. Shemeji yangu ni karani, tuko rika moja na urefu mmoja, ila yeye ana kilo 68. Kwenye upimaji wa bure mimi niliambiwa nimezidi uzito, yeye akaambiwa yuko sawa. Mbona mwenye kitambi ni yeye? Kiuno changu ni sentimita 84, chake 97. Hii BMI, hesabu ya uzito kwa urefu, ina ukweli wowote?
*Mbeba mizigo, Chang'ombe, Dodoma*

Marahaba. Hesabu waliyowafanyia haina kosa. Urefu kwa mita unazidishwa kwa wenyewe, 1.70 × 1.70, unapata 2.89. Kilo zako 82 ukizigawa kwa 2.89 ni 28.4, za shemeji ni 23.5. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 ni wa kawaida, 25 hadi 29.9 umezidi, na kuanzia 30 tunaita kiribatumbo.

Tatizo ni kwamba mizani inasoma kilo tu. Haijui kilo hizo ni za misuli, maji au mafuta, wala mafuta yamekaa wapi. Anayebeba magunia kila siku ana misuli mizito ya mapaja na mgongo. Aketiye kutwa anaweza kuwa na misuli michache huku mafuta yamejaa tumboni, kuzunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yanayovuta kisukari na presha kuliko ya makalio. Aliyebuni hesabu yenyewe, Mbelgiji Adolphe Quetelet wa miaka ya 1830, alikuwa mtu wa takwimu aliyetafuta wastani wa watu wengi. Hakuwa anamtibu mgonjwa.

Kwa hiyo pima na kiuno. Kanuni nyepesi: kiuno kisifike nusu ya urefu. Nusu ya 170 ni 85. Wewe uko chini yake kidogo, shemeji amepita kwa sentimita 12. Kuna na mipaka isiyotegemea urefu: hatari huanza kupanda kwa mwanaume akipita sentimita 94 na mwanamke 80, na huwa kubwa zaidi wakipita 102 na 88. Aliyeambiwa yuko sawa ndiye anayepaswa kwenda kituo cha afya kupima presha, na sukari kabla ya kula chochote asubuhi. Presha ikisoma 140/90 au zaidi siku tofauti, au sukari ya asubuhi ikifika 7.0 mmol/L, hilo ni la daktari. Wewe nawe pima presha, misuli haiikingi.

Ila tusiipuuze BMI. Wengi wanaopata 30 na kuendelea si wabeba mizigo, na ile hoja ya "mimi nina mifupa mizito" haifiki mbali: mifupa ya mtu mmoja na mwingine wa urefu uleule hutofautiana kilo chache tu. Upande wa chini nako ina kazi kubwa. Kliniki za kifua kikuu na CTC (kliniki za wanaoishi na VVU) huitumia kumtambua mgonjwa anayehitaji msaada wa lishe.

Duka la dawa walinipa 25.7, zahanati wakanipa 27.3, wiki hiyohiyo. Kilo ni 70 pote pawili. Nimwamini nani?
*Mama Neema, Nzuguni*

Mama Neema, tofauti iko kwenye urefu. Kilo 70 kwa mita 1.65 ni 25.7; kwa 1.60 ni 27.3. Inaelekea mmoja alikupima na viatu, au alikuuliza tu urefu wako akaandika. Urefu unazidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo kosa lake dogo hukua.

Pima upya nyumbani. Vua viatu, ondoa wigi au fungua mabutu ya utosini. Simama ukutani, visigino, makalio na mabega yaguse ukuta, macho yaangalie mbele. Mtu aweke kitabu kigumu kichwani, kibane ukuta sawasawa, apige alama ya penseli. Pima kutoka sakafuni kwa futi ya chuma ya fundi seremala.

Mizani iwe juu ya saruji. Ukiiweka kwenye zulia au udongo inadanganya. Ijaribu kwa kiroba cha unga cha kilo 25 ambacho hakijafunguliwa. Panda asubuhi, ukishatoka chooni na kabla ya chai.

Kiuno hakipimwi pale unapofunga kanga. Tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, ukamba upite katikati yake, juu ya ngozi. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo (wanaume ndio wanaotudanganya hapa), kisha soma. Rudia, vipimo vikipishana zaidi ya sentimita moja, pima mara ya tatu. Ukamba wa cherehani wa zamani hutanuka, ulinganishe kwanza na futi ya chuma.

Na kama una mimba, iache BMI ya sasa kabisa. Kliniki ya wajawazito watatumia uzito wa mwanzo wa mimba na mzunguko wa mkono wa juu.

Mwanangu wa kiume ametimiza miaka 8, kilo 20, sentimita 120. Napata 13.9. Amekonda kiasi hicho?
*Mzazi, Kongwa*

Hapana. Ile 18.5 ni ya watu wazima. Kwa mvulana wa umri huo katika chati ya Shirika la Afya Duniani, katikati ni 15.7, na wembamba wa kutia wasiwasi huanza chini ya 13.3. Yuko upande wa wembamba lakini ndani ya kawaida. Mpime tena baada ya miezi mitatu: cha kuangalia ni kama anapanda.

Baba ana miaka 74, mgongo umepinda. BMI yake inasoma 24. Tunashukuru?
*Binti yake, Mpwapwa*

Si kwa namba hiyo. Mgongo uliopinda umepunguza urefu, na urefu ukipungua BMI hupanda bila mafuta kuongezeka. Mwambie anyooshe mikono pembeni, pima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ya pili. Urefu huo hukaribia ule wa ujanani. Kikubwa zaidi kwake ni mwenendo wa kilo. Kama alikuwa na 60 na ndani ya nusu mwaka amefika 56 bila kukusudia, amepoteza zaidi ya asilimia 5. Mpelekeni hospitali, hata kama namba inasema yuko sawa.