Maswali ya Wasomaji: Dizeli na Baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Barua nyingi za safari hii zimetoka barabara ya Tunduma na ile ya Makambako hadi Njombe, na karibu zote zinauliza habari za asubuhi: gari kugoma kuwaka, kuacha injini ikiunguruma, kupasha joto. Tumechagua sita.

Shikamoo wahariri. Naendesha semi-trela kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na mara nyingi nalala Makambako. Mwezi wa saba madereva wenzangu huacha injini silensa, yaani ikiunguruma gari likiwa limesimama, usiku kucha. Wanasema hata Kanada na Urusi lori halizimwi. Bosi analalamikia mafuta. Nani yuko sahihi?
*Dereva, Makambako*

Marahaba. Kwa baridi ya Makambako, bosi wako yuko sahihi.

Siberia, Alaska na kaskazini mwa Kanada joto huweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo nta iliyomo ndani ya dizeli ya kawaida huganda na kuziba filta, oili huwa nzito hadi stata ishindwe kuzungusha injini, na betri hubaki na sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Ukizima huko bila maandalizi, huenda usiwashe tena mpaka lori livutwe kuingizwa kwenye gereji yenye joto. Na hata huko, mwenye hita ya umeme kwenye bloku huichomeka ukutani akazima injini akalala, na vituo huuza dizeli maalumu ya majira ya baridi. Kwetu usiku wa Julai Njombe au Mbeya hushuka hadi nyuzi chache juu ya sifuri, na Makete na Kitulo umande huganda kwenye majani. Injini nzima ya dizeli inaiweza baridi hiyo. Lori linaloogopa kuzimwa Makambako lina ugonjwa, na ugonjwa huo ndio wa kutafutwa.

Sasa hasara. Injini kubwa ikiwa silensa hunywa lita 2 hadi 3 kwa saa. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni lita 16 hadi 24 zimekwenda na gari halijasogea hata hatua moja. Lililo baya zaidi linatokea ndani. Dizeli isiyo na mzigo huchoma mafuta kidogo mno, kwa hiyo silinda hazipati joto la kutosha na sehemu ya mafuta haiungui. Mafuta hayo huteleza kwenye kuta za slivu (mikebe ambamo pistoni hupanda na kushuka), huosha oili inayozilinda, hupita kwenye ringi na kuingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Chomoa kijiti cha oili asubuhi. Ukikuta kiwango kimepanda badala ya kushuka, na oili ukiisugua kati ya vidole ni nyepesi na inanuka dizeli, ujue ndicho kilichotokea. Nozeli zinazonyunyiza mafuta nazo huota masizi kwenye ncha, na eksozi huanza kutoa uchafu mweusi wenye majimaji. Lori jipya lenye chujio la masizi kwenye eksozi huziba mapema zaidi. Kumbuka pia kwamba kilomita za kubadilisha oili hazihesabu usiku huo. Hesabu saa moja ya silensa kama kilomita 40 hivi, utaona sevisi imekupita siku nyingi.

Kinachotakiwa asubuhi ni kidogo, ila kifanywe kwa mpangilio. Kabla ya ufunguo, pima oili, kisha legeza koki iliyo chini ya kichujio cha maji ya dizeli, maji yatoke mpaka uone dizeli safi. Tanki lililolala nusu kwenye baridi hukusanya unyevu. Washa swichi, na kama gari lina taa ya hita, subiri izime. Kanyaga klachi mpaka mwisho, ili stata isibebe pia kazi ya kukoroga oili nzito ya gia boksi. Piga stata bila kukanyaga mafuta, isizidi sekunde 30. Ikikataa, ipumzishe dakika 2 ndipo urudie. Stata nyingi huungua kwa sababu dereva hakuisubiri.

Ikiwaka, macho yaende kwenye geji ya oili. Mshale usipopanda ndani ya sekunde 10 hadi 15, zima. Usipige resi hata kidogo, maana shafti ya tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) iko mbali na pampu ya oili na hupata oili ikiwa imechelewa. Iache dakika 3 hadi 5. Muda huo unatosha kwa injini, lakini si lazima utoshe kwa breki: usiachie breki ya mkono kabla geji ya upepo haijafika baa 7 au 8. Hili tunalisema kwa mkazo kwa wanaolala karibu na miteremko ya Inyala na Iwambi. Kuanza mteremko na upepo nusu ni kucheza na roho za watu.

Kisha ondoka. Tumia gia ndogo, usivuke mizunguko 1,500 kwa dakika mpaka mshale wa joto ufike nyuzi 60 hivi. Injini hupata joto kwa kufanya kazi nyepesi, wala si kwa kusimama. Tena oili ya gia boksi, oili ya difu na grisi ya beringi za magurudumu hazipashwi na silensa hata ungekaa mpaka jua lichomoze. Vinahitaji gari litembee.

Habari za kazi. Nina Canter ya kubeba viazi. Mchana inawaka kwa kugusa ufunguo, lakini asubuhi inapigwa stata mpaka betri zinachoka, na ikiwaka inatoa moshi mweupe na kutetemeka dakika kadhaa. Fundi anataka kushusha pampu na nozeli. Nimruhusu?
*Mama mwenye Canter, Njombe*

Salama, mama. Usimruhusu bado. Pampu ndiyo kazi ya gharama kubwa, na dalili ulizotaja zina sababu nne za bei nafuu zinazotangulia.

Dizeli haina plagi ya cheche. Huwaka kwa sababu pistoni huibana hewa mpaka ikapata joto la nyuzi mamia kadhaa, ndipo nozeli hunyunyiza mafuta ndani yake. Asubuhi ya baridi chuma cha hedi na slivu hunyonya joto hilo. Isitoshe Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kubanwa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Ndiyo maana gari linalowaka vizuri Kariakoo huja kugoma kwako.

Anza na hita plagi, vijiti vya umeme vinavyopasha joto ndani ya silinda. Canter yenye silinda nne inazo nne. Mwambie fundi afungue kile kipande cha bati kinachoziunganisha, kisha apime kila moja na mita, waya mmoja juu ya plagi na mwingine kwenye bodi ya injini. Nzima huonyesha omu chache tu. Iliyokatika haionyeshi kitu. Ikifa moja, silinda moja huchelewa kuwaka, na huko kutetemeka pamoja na moshi mweupe ndiko unakokuona, kwani moshi huo ni dizeli iliyotoka bila kuungua. Zikiwa nzima zote, apime kama umeme unazifikia swichi ikiwashwa, maana relei yake nayo hufa. Azifungue injini ikiwa na joto kidogo na kwa mkono mwepesi. Zilizokaa miaka huganda, na ikikatikia ndani ya hedi kazi inakuwa nyingine kabisa.

Pili ni betri. Baridi inapokaribia nyuzi sifuri, betri hupoteza kama moja ya tano ya uwezo wake, wakati huohuo injini ni nzito kuzungusha. Kwa gari la volti 24, pima asubuhi kabla ya kugusa ufunguo: betri mbili zilizojaa hutoa volti 25.2 hadi 25.4. Chini ya 24.8 hazina chaji ya kutosha. Mtu apige stata huku mita ikiwa juu ya betri. Ikidondoka chini ya volti 19, betri imechoka au stata inavuta kupita kiasi. Usibadilishe betri moja ukaacha ya zamani, kwa sababu ile mbovu itaiua mpya. Na kabla ya kununua, fungua waya wa athi unaotoka injini kwenda chesisi. Mara nyingi chini ya boliti yake kuna kutu na matope, ukikwangua kwa msasa stata inapata nguvu upya.

Tatu ni hewa kwenye mafuta. Usiku dizeli inaweza kurudi tankini kupitia mpira uliopasuka au wosha iliyochoka. Kipimo chake hakina gharama: asubuhi, kabla ya stata, pampu kwa mkono kwenye pampu ndogo iliyo karibu na filta mpaka iwe ngumu. Gari likiwaka haraka siku hiyo, tafuta hewa inakoingilia.

Nne ni oili. Kama injini imewekewa oili nzito, namba 40 tupu au 20W-50, asubuhi ya Njombe inazunguka kama imefungwa kamba. Weka 15W-40, nayo inafaa kwa baridi yoyote ya nchi hii.

Hayo yote yakiwa salama, apime kompresheni, yaani mbano wa hewa kwenye silinda. Pampu na nozeli zifuate baadaye. Moshi mweupe unaoisha injini ikipata joto ni wa baridi. Ule usioisha, wenye harufu tamu tamu huku maji ya rejeta yakipungua, ni gasketi ya hedi.

Nabeba mbao kwenda Dar. Nikirudi na mzigo, gari lilikuwa linachemsha kwenye mlima wa Kitonga, fundi akatoa thamostati. Sasa haichemshi, lakini huku Mafinga mshale wa joto haunyanyuki na mafuta yanaisha haraka. Kuna uhusiano?
*Dereva, Mafinga*

Upo, tena wa moja kwa moja. Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi hufunga, maji yazunguke ndani ya bloku tu na kupata joto upesi. Kwenye injini nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na huwa wazi kabisa karibu na 95. Fundi alipoitoa, maji yako yanapita kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na kwa hewa ya Mafinga injini inaweza kwenda mpaka Makambako ikiwa vuguvugu. Injini ya hivyo hula mafuta, slivu hulika haraka, na unyevu haukauki kwenye oili. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na maji ya rejeta hayapungui, ni unyevu huo.

Rudisha thamostati mpya yenye nyuzi zilezile za kiwanda. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka uone inafunguka. Kisha tibu kuchemsha kwenyewe: rejeta iliyoziba kwa vumbi na wadudu katikati ya mapezi, mkanda wa fani uliolegea, fani klachi isiyoshika, mfuniko wa rejeta usiobana. Acha pia maji ya mtoni. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi huzuia kutu na huchelewa kuchemka, jambo lenye maana kubwa kwenye miinuko ambako maji matupu huchemka chini ya nyuzi 100.

Huku Makete watu huchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli ili isigande. Inafaa?
*Msomaji, Makete*

Haifai na haihitajiki. Mafuta ya taa yana ulainishi mdogo, na pampu yako hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo inasagika. Na ukikaguliwa, kipimo cha vinasaba (alama maalumu zinazowekwa kwenye mafuta) kitaonyesha dizeli imechakachuliwa. Gari likizima njiani kwa kukosa mafuta asubuhi ya Makete, mshukiwa wa kwanza ni maji au uchafu kwenye filta. Wengine huwasha moto wa kuni chini ya tanki au sampu. Mpira mmoja wa dizeli ukivuja, gari na mzigo vinateketea. Kuhusu dawa ya kuwashia injini inayopuliziwa kwenye bomba la hewa, gari lenye hita plagi au hita ya hewa lisipuliziwe kabisa, kwa kuwa mvuke wake hulipuka kabla ya wakati na kuvunja ringi au pistoni. Na kioo kilichoganda kisimwagiwe maji ya moto, kitapasuka.

Nikimaliza kupanda Kitonga nasimama Ilula kula. Nizime mara moja?
*Dereva, Iringa*

Subiri dakika 3 hadi 5. Tabo imetoka kwenye kazi nzito, na ukizima, oili iliyobaki kwenye shafti yake huungua na kuwa masizi magumu. Hapa ndipo silensa ina faida.

Mimi ni utingo. Tukilala Uyole dereva huingiza jiko la mkaa kabini, anasema akiacha upenyo wa dirisha hakuna shida. Ni kweli?
*Utingo, Mbeya*

Si kweli, kijana wetu, na usikubali kulala humo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na mtu aliyelala haamki kuitafuta njia. Upenyo wa kioo hautoshi, hata mkaa ukiwa umeshika vizuri na hauna moshi. Ukiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, toka nje papo hapo, mtoe na mwenzako, muende hospitali. Hatari hiyohiyo ipo kwa anayeacha injini silensa huku eksozi inavuja chini ya kabini.

Mwambie dereva achungulie kwanza alichonacho. Malori mengi yaliyotumika Ulaya huja na hita ya kabini inayojitegemea, swichi yake iko karibu na kitanda au kwenye dashibodi. Huchoma dizeli kidogo sana, kati ya lita 0.1 na 0.3 kwa saa, nayo hutoa moshi wake nje kwa bomba lake. Kabla ya kuitumia, fundi umeme akague bomba hilo halijatoboka na mdomo wake haujaelekea kwenye kabini. Ikishafanya kazi, iwashwe robo saa kila mwezi hata wakati wa joto, isije ikazibwa na masizi. Kama lori halina, nunueni blanketi zito na godoro la kuziba baridi inayopanda kutoka chini, na mzibe mipira ya milango iliyochanika.