Gia za kawaida au haidrostatiki kwa shamba la Hombolo?

Mkuu, umeuliza trekta dogo la gia za kawaida au la haidrostatiki (linalosukumwa na mafuta yenye shinikizo badala ya gia) kwa ekari zako 5 za zabibu na mahindi Hombolo, Dodoma. Kama kazi kubwa ni kulima, chukua gia. Haidrostatiki hupoteza sehemu ya nguvu ya injini kwenye mafuta hayo ya shinikizo, na udongo wetu kabla ya mvua za Desemba ni sakafu ya saruji. Raha ya haidrostatiki ni kazi ya mbele-nyuma, kama kuzoa samadi: unakanyaga pedali tu. Mimi niliunguza klachi ya trekta la gia kwa samadi hiyohiyo, harufu yake mpaka leo siisahau! Kabla hujalipa, pima nafasi kati ya mistari ya mizabibu, halafu upana wa trekta kwenye tairi za nyuma.