Jibu: thredi nne, spidi ni ya moja tu

Msee wa Kisumu, umeuliza mbona programu yako ya kujumlisha lita za maziwa ukiipa thredi nne (mikondo ya kazi inaenda pamoja ndani ya programu moja) inachukua muda ule ule wa thredi moja, na laptopu iko na kore nne. Laptopu haina shida, ni Python, hiyo lugha umeandikia programu. Ndani yake kuna kufuli moja kubwa, GIL, na thredi haiwezi endesha kitu ya Python kama haijaishika, kwa hivyo zako ni wapishi wanne na mwiko mmoja, kila milisekunde 5 hivi mwingine anaomba apewe. Hiyo kufuli iliwekwa kwa sababu kila objekti (kitu yoyote Python inaweka kwa memori, kama namba ama listi) iko na kihesabio cha ni wangapi wanaitumia, thredi mbili zikikibadilisha pamoja kinaharibika na objekti inafutwa kama bado inatumika.

Usitoe thredi zote lakini. Pale unangoja intaneti ama faili kufuli huachiliwa, hapo zinasaidia sana. Hesabu zenyewe peleka kwa multiprocessing, moduli ya Python ya kugawa kazi kwa prosesi kadhaa, yaani Python kadhaa zinaenda kando kando, kila prosesi na GIL yake, ila itakula memori.

Na wenye wanakuambia ati GIL inakulinda thredi zisiharibiane hesabu, wapi! Hiyo laini ya kodi jumla += lita ni kusoma, kuongeza, kurudisha, thredi ingine inaweza ingia katikati. Weka threading.Lock hapo, hiyo ni kufuli yako mwenyewe.

Python 3.13 ya 2024 ilileta toleo la majaribio bila GIL, unainstoli kando, lakini ukiimpoti laibrari imeandikwa kwa lugha ya C na haijatayarishwa kwa hiyo toleo, GIL inajirudisha yenyewe, so cheki laibrari zako kwanza.