Vizibo mfukoni

Raskazone, Tanga, jioni, upepo wa bahari ukianza kuvuma, bia ya kwanza haina shida. Shida ni pale mwenye hela anapomwambia mhudumu, "Wazungushie kama walivyo." Chupa yako iko nusu, nyingine imeshatua. Mama watoto akiniuliza nimekunywa ngapi nilikuwa namjibu "mbili tatu", na wallahi niliamini hivyo.

Siku moja nimempeleka mtoto zahanati, na mimi nikapimwa presha: 150 kwa 95, iko juu. Nesi akaniuliza habari za pombe, nikampa jibu lile lile. Akacheka tu.

Jumamosi iliyofuata kila chupa iliyofunguliwa nilitia kizibo chake mfukoni. Nyumbani nikavimwaga mezani. Saba!

Hebu piga hesabu. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20 za alkoholi, na ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja ni saa mbili au zaidi. Saba ni saa 14 kwa uchache. Nilianza saa 12 jioni, na saa 12 asubuhi nilikuwa juu ya pikipiki naelekea Pangani, najiona mzima kabisa. Kahawa chungu haiharakishi ini, wala kuoga maji baridi.

Nilikuwa pia bingwa wa kuhubiri kwamba bia inasafisha figo. Kumbe unakojoa sana kwa sababu pombe inazuia homoni inayoziambia figo zibakize maji. Unakaushwa, husafishwi.

Nisikudanganye kuhusu ule usemi wa "kunywa kistaarabu", yaani kwa kiasi. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, hasa kwa sababu ya saratani: ya koo, ini, utumbo mpana, matiti. Kupunguza ni kupunguza hatari, haiishi. Na kama mikono inakutetemeka usipokunywa, usiache ghafla peke yako. Muone daktari kwanza, kukatisha kwa mkupuo kunaweza kuua.

Mimi nimebaki na mbili, Jumamosi tu. Nakula mishikaki na muhogo kwanza, kati ya chupa na chupa nakunywa maji, na mhudumu namlipa mapema nikimwambia raundi zisinihusu. Hilo la mwisho ndilo gumu. Walinicheka wiki tatu, mmoja akaniita shehe.

Baada ya miezi miwili presha ilisoma 132 kwa 84, ingawa chumvi nayo niliipunguza.

Juzi mtoto, yuko darasa la kwanza, kaambiwa apeleke vizibo 50 vya kuhesabia. Kwenye kopo langu vilikuwepo 18. Ikabidi twende wote baa mchana, tukaombe.