Bega la Mzee: Kabla ya Kuchua, Mwinue Mkono

Hapa Mombasa mtu mzima akisema bega linamuuma, majibu ni mawili: ni baridi yabisi, au alilalia vibaya. Kisha yanatafutwa mafuta ya karafuu na mtu wa kuchua. Sina ugomvi na mafuta, yanapasha joto na mgonjwa anapata usingizi. Lakini bega lina sababu nyingi za kuuma, na nyingine hazitaki kuguswa.

La mamangu lilianza taratibu. Kwanza alishindwa kujisugua mgongo akioga, halafu kuchana nywele ikawa kazi ya wajukuu. Akihirimia swala, mkono mmoja unafika sikioni, wa pili unaishia kifuani. Nilimpeleka kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, akamwambia ainue mkono mwenyewe. Haukupanda. Akamshika kiwiko, akajaribu kumwinulia yeye. Mkono ukagoma vilevile. Hapo akauliza: "Mama, una sukari?"

Anayo, ya miaka mingi.

Jaribio hilo dogo linaeleza mengi, na hata nyumbani mnaweza kulifanya, polepole, bila kulazimisha. Mzee akishindwa kuinua mwenyewe lakini ukimwinulia mkono unapanda, mara nyingi tatizo ni kano zinazoshika bega. Kano hizo huchakaa na umri, hata kuchanika, na huuma zaidi usiku akilalia upande huo. (Wapo wengi waliopita miaka 60 ambao kano zimechanika na hawahisi chochote, kwa hiyo picha peke yake haimalizi maneno.) Ukigoma hata ukiinuliwa, huenda bega limeganda: fuko linalozunguka kiungo limevimba, likakaza. Hili huanza zaidi kati ya miaka 40 na 60, na wenye sukari hulipata zaidi kuliko wengine. Huachia lenyewe taratibu, ila laweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Kiungo kilicholika gegedu (ule utando laini unaofunika ncha za mifupa) nacho hukaza, na wakati mwingine utakisikia kikisaga.

Maumivu yakishuka hadi vidoleni pamoja na ganzi, mtazameni shingo.

Yapo pia maumivu ya bega ambayo bega halina habari nayo. Mawe ya nyongo huweza kuuma bega la kulia, hasa baada ya chakula cha mafuta, na sisi watu wa biriani tujue hilo. Linalonitisha ni la moyo. Mzee akipanda ngazi zile za nyumba za Mji wa Kale, bega au mkono ukauma, akitulia yakaisha, huyo aonwe na daktari haraka. Yakija pamoja na jasho jembamba, kichefuchefu, pumzi kukatika au kifua kubana, msisubiri hata chai: ni hospitali moja kwa moja. Wanawake na wenye sukari wanaweza wasihisi maumivu ya kifua kabisa.

Na aliyeanguka, iwe bafuni au akishuka tuktuk, asichuliwe. Mifupa ya uzeeni huvunjika kirahisi karibu na bega. Apigwe picha kwanza.

Mamangu alipewa mazoezi: anainama kidogo, ameshika meza, mkono mbovu unaning'inia na kuyumba wenyewe. Halafu vidole vinapanda ukutani kama buibui, kila siku juu kidogo. Alinung'unika sana. Alitaka sindano, na sindano ya bega ipo, husaidia, lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo lazima ipimwe.

Tahadhari yangu kubwa zaidi ni vidonge vya maumivu vya kemisti. Diklofenaki na jamaa zake hupandisha presha, huumiza figo na kuchubua tumbo. Mwenye presha au figo dhaifu asivimeze kwa mazoea, hata kama jirani vilimfaa. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, mwonyeshe daktari kabla hajaandika nyingine.