Kukata mpingo na mninga shambani bila kibali: nani anakudai, na ufanye nini sasa

Mkuu uliyeuliza kuhusu shamba la ufuta Kilwa, pole. Umesema eneo ulinunua kihalali na muhtasari wa kijiji unao, vijana wakafyeka wakaangusha mininga na mipingo, sasa mtendaji anadai faini na afisa wa misitu naye amekupigia simu. Unauliza kama unaibiwa. Nimekaa kwenye kamati ya maliasili ya kijiji hukohuko mkoa wa Lindi, na mashauri ya aina hii ndiyo yaliyotuchosha kuliko yote.

Shamba ni lako, ila miti ile hukuuziwa pamoja na shamba. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inampa waziri uwezo wa kutangaza miti ya kuhifadhiwa, na mpingo na mninga imo. Hata kama umeota katikati ya shamba lako, kibali kinatangulia shoka. Mtiki ulioupanda mwenyewe ni habari nyingine.

Kwa nini wanakudai wawili? Kijiji kina sheria ndogo zake, zilizopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wao wanasimamia sheria kuu: wanaweza kukufifilishia kosa, yaani unakiri kwa maandishi na kulipa bila kufika mahakamani, au wakakushtaki. Magogo na msumeno vinaweza kutaifishwa. Kwa hiyo ukimalizana na kijiji usidhani na TFS umemalizana nao. Lakini ni haki yako kumwambia mtendaji akuonyeshe sheria ndogo yenye mhuri wa halmashauri, usome kiwango kwa macho yako, na usitoe hata shilingi bila stakabadhi. Nasema hivi kwa uchungu, maana nimeona mkulima wa kijijini akitozwa faini hadharani huku mgeni mwenye uwezo akimalizana na watu wawili watatu pembeni. Hilo linaua nguvu ya kamati kuliko chenso yoyote.

Sasa nakuomba sana, usichome chochote. Tukiwa doria tulianza na kisiki, kutafuta alama ya nyundo, ile inayogongwa na afisa misitu kuonyesha mti ulikatwa kwa kibali. Kisiki kisicho na nyundo kimeshajieleza. Kukichoma hakusaidii, kwani mpingo una kiini cheusi chenye uzambarau, kigumu mno, na ganda jembamba la rangi ya njano nje yake. Moto ukila ganda, kiini kinabaki pale pale kinakutazama. Kuna wanaowasha moto kuzunguka shina ili mti ufe wenyewe, halafu waseme ulikuwa umeshakauka. Moto wa porini unaopita kwa kawaida huunguza upande mmoja zaidi; shina lililoliwa sawasawa pande zote lilikuwa linatutia shaka mara moja, na mtu wa namna hiyo hakuwa akipata huruma ya kikao.

Wengi humu mnauliza mti una nini. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa, na mwongozo hauruhusu kuukata chini ya sentimita 24 za kipenyo usawa wa kifua. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, hapo hapo Kilwa, vilikuwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji, na mpingo ndio uliovifikisha huko. Kijiji chenye msitu wake wa hifadhi kinauza gogo kwa utaratibu na fedha inabaki kijijini, inajenga darasa, inachimba kisima. Ufuta ukilimwa hapo misimu michache ardhi inachoka, mtu anahamia pori jingine na mpingo umeshakwenda.

Kwa hiyo simamisha kazi leo. Magogo yaache yalipoangukia, usiyasogeze barabarani, maana ukikutwa nayo njiani bila hati ya kusafirisha ni kosa jingine. Nenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji na afisa misitu wa wilaya kabla hawajakufuata, muhesabu visiki pamoja na iandikwe. Zile ekari ambazo hujafungua, omba kamati wapite nawe na kopo la rangi waweke alama miti isiyoguswa. Mpingo mmoja mmoja uliotawanyika hauzuii ufuta. Majani yake ni madogo, kivuli chake chepesi, na trekta linapita pembeni.