Wadogo zangu mnaoandika wasifu wa marehemu, hebu tukae chini kidogo

Juzi usiku nimeletewa rasimu ya wasifu wa marehemu niipitie kabla haijaenda kwa kamati ya mazishi. Mstari wa kwanza: "aliyekuwa Mkuu wa Chuo chetu." Mstari wa pili: "ameacha pengo lisilozibika." Nikaweka simu mezani, nikaenda kunywa maji. Kijana aliyeandika ana bidii na nampenda, ndiyo maana sikumpigia saa ile. Naandika hapa, na nyie wengine wa vitengo vya uhusiano someni, maana makosa yenyewe ni yale yale niliyoyafanya mimi mkiwa bado mnavaa sare za shule.

1. Vyeo. Mkuu wa Chuo ni yule anayekuja na msafara siku ya mahafali, anatunuku shahada, anaondoka. Anayeamshwa usiku wa manane kwa sababu wanafunzi wamegoma ni Makamu Mkuu wa Chuo. Pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1970, Mkuu wa Chuo alikuwa Mwalimu Nyerere na Makamu Mkuu alikuwa Pius Msekwa. Sasa ukiwachanganya hao wawili, umempindua Rais wa nchi kwa kalamu. Vivyo hivyo Rasi, anayeongoza ndaki (chuo ndani ya chuo kikuu), si Amidi, anayeongoza kitivo; Profesa Mshiriki si Profesa, na aliyekaimu miezi minane alikaimu. Hakuna kupandishana vyeo makaburini.

2. Majina ya vyuo na miaka yake. "Alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968." Chuo Kikuu kipi? Mwaka huo Dar es Salaam ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Kilisimama chenyewe tarehe 1 Julai 1970. Sokoine kabla ya 1984 ilikuwa kitivo cha Dar es Salaam kilichokaa Morogoro. Wazee waliosoma miaka hiyo bado wapo, huketishwa mbele, na masikio yao ni mazima kuliko mnavyodhani.

3. Faili la masijala halitoshi. Hapa ndipo ninapotakiwa kuvua nguo mbele yenu, basi acheni nivue.

Miaka ile nilikuwa mgeni kwenye kitengo, chuo gani si lazima. Makamu Mkuu mstaafu akafariki. Saa tisa alasiri naambiwa wasifu unatakiwa uwe umechapwa ifikapo jioni, kuaga mwili ni kesho saa nne. Nikakimbilia masijala. Faili binafsi lilikuwa jembamba kama daftari la mtoto wa chekechea, na wasifu uliokuwamo alikuwa ameuandika mwenyewe miaka kumi na miwili nyuma, kurasa mbili kavu kavu: alisoma hapa, alifundisha pale. Nikaona haupendezi. Nikakumbuka hotuba ya mshereheshaji siku alipoagwa kwa kustaafu, yule bwana aliyemwita "mwasisi wa kitivo chetu cha sayansi" na ukumbi ukapiga makofi. Nikaichota ile sentensi nzima, nikaipamba zaidi: "Ndiye aliyeanzisha kitivo kutoka sifuri, akiwa na meza moja na viti viwili." Meza na viti niliviongeza mimi. Sijui nilivitoa wapi.

Asubuhi naibu wake wa zamani anausoma ukumbini. Mimi nimesimama ukutani, najisikia mwandishi. Alipofika kwenye meza moja na viti viwili, mzee mmoja safu ya pili akavua miwani. Akaikunja ile karatasi ya ratiba mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akabaki anatazama sakafu mpaka mwisho. Sikumfahamu. Katibu muhtasi wa marehemu, aliyekuwa kando yangu, akaninong'oneza: "Wewe mtoto, mwasisi wa kitivo si yule pale?"

Juma lililofuata nilikwenda kwa yule mzee kuomba radhi. Nilitegemea kufokewa. Akanikaribisha, akaingia ndani, akatoka na nakala ya muhtasari wa Seneti, kikao kikuu cha taaluma cha chuo, jina lake limo kama Amidi wa kwanza. Akasema yeye hakuumia kwa ajili yake. Marehemu alipokuwa madarakani, kila mahafali alikuwa akimfuata pale alipoketi, anamsimamisha mbele ya wageni na kusema, huyu ndiye aliyenikabidhi funguo. Kila mwaka, bila kusahau. "Kitu alichokuwa anakikataa maisha yake yote," mzee akaniambia, "wewe umemvisha amelala, hawezi kukikataa." Nilirudi ofisini kwa miguu. Wasifu ule ulishasambazwa, na mpaka leo nikikutana na sentensi yangu ya meza na viti kwenye makabrasha ya watu, nafunga ukurasa.

4. Basi pigeni simu. Katibu muhtasi, dereva, mhudumu wa ofisi, mkutubi. Dakika kumi za dereva zina uzito kuliko faili zima.

5. Majina ya watoto, mjane na wajukuu yahakikiwe na msemaji wa familia kwa maandishi, tena siku ile ile. Hili sitaeleza, mtanielewa siku mtakayolikosea.

6. Pengo lisilozibika liacheni. Semeni alifanya nini. Profesa Mathew Luhanga, mhandisi wa mawasiliano, aliiongoza Mlimani tangu 1991 hadi 2006, miaka 15, na kipindi hicho ndicho cha ile programu ya mageuzi ya chuo. Hapo kuna majengo ya kuhesabu, udahili wa kulinganisha, mabishano ya Seneti ya kusimulia. Ukiwa na mali yote hiyo bado unaandika "alikuwa mchapakazi," hata mchapakazi mwenyewe angekurudishia karatasi. Na migomo iliyotokea wakati wa uongozi wa mtu nayo itajwe, kwa adabu, kwa sentensi moja. Waliokuwapo wanajua, na wakiona umeruka hapo hawatakuamini na mengine.

7. Picha: msikate picha ya kundi mkaacha bega la mtu mwingine limening'inia kwenye joho la marehemu. Nimeliona mwaka huu, mara mbili.

Ile rasimu nimeirudisha imejaa wino mwekundu. Kijana akajibu, "Shukrani kaka, narekebisha." Baada ya dakika tano simu ikalia tena: "Samahani kaka, kumbe Rasi ni nani?"